Parachichi, Lori na Picha Zinazotembea

(Somo la redio kwa watu wazima. Maneno haya yamechapwa kama yalivyosemwa, ili vikundi vya wasikilizaji vipate kuyasoma tena na kuyazungumza.)

Mimi ni Afisa Elimu, nami nazungumza nanyi kutoka Tukuyu. Mambo nitakayoyaeleza leo yalitokea katika kata ya Bagamoyo. Msidhani ni Bagamoyo ile ya pwani, ya majahazi na minazi. Hii ni Bagamoyo yetu ya mlimani, palipo na migomba na chai, na mvua isiyojua likizo.

Somo letu la leo lahusu picha za kuchora zinazotembea, zile ambazo watoto wetu huziita katuni. Huenda wewe unayesikiliza umesema moyoni, "Katuni ni mchezo wa watoto. Mimi mkulima zinanihusu nini?" Subiri kidogo, ndugu yangu. Siku hizi watoto wetu hawajifunzi kwa mwalimu na kitabu peke yake. Tangu mwaka 2014 watoto wa Tanzania wamekuwa wakitazama Ubongo Kids, katuni zilizotengenezwa Dar es Salaam ili kufundisha hesabu na sayansi kwa Kiswahili. Na kijana mwenye simu ya mkononi aweza leo kutengeneza katuni fupi akiwa amekaa barazani kwao. Picha hizi zimekuwa walimu. Na mwalimu akikosea, mwanafunzi huondoka na kosa lile akidhani ni elimu.

Nalisema hili kwa sababu mwalimu aliyekosea nilikuwa mimi. Sikilizeni kisa chenyewe.

Kama mjuavyo, barabara kuu itokayo Mbeya kwenda Kyela na mpaka wa Malawi hupita hapa kwetu Tukuyu. Ni barabara ya miteremko na kona, na malori hupita mchana na usiku. Watoto wengi huivuka wakienda shule. Basi nikaona vema nitengeneze katuni fupi ya kuwafundisha namna ya kuvuka. Nikamtafuta kijana mmoja wa Bagamoyo ambaye kazi yake ni kuchora mabango ya maduka, naye ana programu ya kuchora katika simu yake. Mimi nikaandika maneno, yeye akachora. Katika picha zetu mtoto anafika kando ya barabara, anatazama kulia, anatazama kushoto, anatazama tena kulia. Lori linakuja. Dereva anamwona, anakanyaga breki, lori linasimama. Mtoto anapunga mkono, anavuka, mwisho wa hadithi.

Tukaionyesha katuni yetu kwa watoto wa darasa la pili katika shule moja. Watoto wakafurahi mno, wakapiga makofi. Nami nikauliza, kama afanyavyo mwalimu, "Haya, tumejifunza nini?" Msichana mmoja mdogo akasimama, akaweka mikono nyuma, akasema, "Shikamoo mwalimu. Dereva akikanyaga breki, gari linasimama hapo hapo." Nikamwuliza, "Nani amekuambia hivyo?" Akajibu, "Nimeliona kwenye katuni yako."

Nilinyamaza. Wakati ule ule twalisikia lori la kweli likiteremka barabarani nje, likinguruma kwa gia nzito. Nikajua ya kuwa nimemfundisha mtoto wa watu jambo linaloweza kumuua.

Jioni ile mimi na yule kijana tuliitazama tena kazi yetu, picha moja baada ya moja. Maneno niliyoyaandika hayakuwa na kosa. Kosa lilikuwa katika mwendo. Kijana alikuwa amelichora lori linakwenda kasi, kisha kwa michoro miwili tu likawa limesimama, kama mbuzi aliyefika mwisho wa kamba. Yeye hakuwa na nia mbaya, wala mimi sikuligundua. Sote wawili tulikuwa tumechora lori lisilo na uzito. Kutoka siku hiyo tulianza kujifunza, naye akiwa mwalimu wangu katika kuchora, nami nikiyakumbuka masomo yangu ya sayansi. Hayo tuliyojifunza ndiyo nitakayowaeleza.

Kwanza, picha inayotembea ni kitu gani? Kwa kweli hakuna picha inayotembea. Kuna picha nyingi zilizosimama, nazo huonyeshwa upesi moja baada ya nyingine, hata jicho likadanganyika. Katika sinema desturi ni picha 24 kwa kila sekunde. Wachoraji wengi hupunguza kazi kwa kuchora 12, na kila moja huonyeshwa mara mbili. Sasa fikiri: kama kila mchoro umesimama, mwendo uko wapi? Mwendo umo katika nafasi iliyopo baina ya mchoro mmoja na ule unaofuata. Nafasi ikiwa kubwa, kitu kinakwenda upesi. Ikiwa ndogo, kinakwenda polepole. Mchoraji aweza kuchora lori zuri lenye taa na namba na turubai, lakini akikosea nafasi zile, lori lake litakuwa boksi tupu linalosukumwa na upepo.

Je, nafasi hizo huwekwaje? Hapo ndipo inapobidi tutazame vitu vya kweli. Chukua daftari na penseli, nami nitakungoja kidogo.

Umepata? Vema. Tutachora parachichi linaloanguka kutoka mtini. Tumia karatasi sita, kila moja mchoro mmoja. Katika karatasi ya kwanza chora parachichi juu kabisa. Katika zile tano zinazofuata, lishushe kila mara sentimita mbili na nusu, mpaka limeshuka sentimita kumi na mbili na nusu. Sasa zishike karatasi pamoja, uziachie upesi kwa kidole gumba. Parachichi litashuka, lakini litashuka kama ndoo inayoteremshwa kisimani kwa kamba. Hakuna mtu wa Rungwe atakayekubali ya kuwa hilo ni parachichi linaloanguka, maana sisi tumeyaona yakianguka tangu utoto wetu.

Haya, tuchore mara ya pili. Parachichi la kwanza liwe pale pale juu. La pili lishuke nusu sentimita tu. La tatu lishuke sentimita moja na nusu chini ya lile la pili. La nne, sentimita mbili na nusu. La tano, tatu na nusu. La sita, nne na nusu. Ukijumlisha utaona ya kuwa limefika pale pale, sentimita kumi na mbili na nusu, na michoro ni sita kama kwanza. Walakini ukiachia karatasi, safari hii parachichi linaanguka kweli kweli. Karibu utasikia kishindo.

Nafasi hizo sikuzibuni mimi. Zitazame: nusu, halafu mara tatu yake, mara tano, mara saba, mara tisa. Moja, tatu, tano, saba, tisa. Mtu aliyeligundua jambo hili ni mtaalamu wa Italia aitwaye Galileo, aliyezaliwa mwaka 1564, na kitabu chake chenye habari hizo kilichapwa mwaka 1638. Yeye hakuwa na saa nzuri, na kitu kinachoanguka hupita upesi mno. Basi akafanya hila nzuri. Alichukua ubao wenye mfereji, akauinua upande mmoja, akaviringisha kitufe cha shaba juu yake. Kwa kuwa ubao umelala, kitufe kinashuka polepole, na mtu apata nafasi ya kupima. Wakati aliupima kwa maji yaliyokuwa yakitiririka kutoka chombo kimoja hata kingine.

Nawe waweza kuyafanya haya nyumbani. Chukua ubao wa mita mbili wenye mfereji, uinue upande mmoja kiasi cha shubiri moja. Weka alama sentimita 10 kutoka mwanzo, kisha 40, kisha 90, kisha 160. Iachie gololi, na mwenzako apige makofi ya upesi yaliyo sawa. Mkiisha kupatanisha mteremko na makofi, mtaona gololi inapita katika kila alama pamoja na kofi. Nafasi zinazidi kukua, bali wakati ni ule ule.

Kwa kitu kinachoanguka huru, kama parachichi letu, sekunde moja ya kwanza hukishusha karibu mita 4.9. Ukiigawa sekunde hiyo mara nne, robo ya kwanza kitashuka kiasi cha sentimita 31, robo ya pili 92, ya tatu 153, ya nne 214. Mchoraji anayejua hesabu hiyo hana haja ya kubahatisha.

Pengine utauliza, "Je, parachichi kubwa haliangukii upesi kuliko dogo?" Hapana. Yaachie yote mawili kwa wakati mmoja kutoka kimo kimoja, utasikia kishindo kimoja. Jani kavu la mgomba ndilo linalochelewa, na sababu yake ni hewa inayolizuia, kwa maana jani ni pana na jepesi. Basi kama kubwa na dogo huanguka sawa, mtazamaji atajuaje lipi zito? Atajua litakapofika chini, na atajua litakaponyanyuliwa. Mpira wa mtoto ukianguka hudunda, tena kila mdundo huwa mfupi kuliko uliotangulia. Parachichi bichi huruka kidogo likajiviringisha. Parachichi lililoiva hubonyea likakaa pale pale. Mkungu wa ndizi hautikisiki, bali ardhi ndiyo itikisikayo.

Na katika kunyanyua, mtazame mama atokaye shambani na mkungu wa ndizi. Wachoraji wengi humchora akiinama, akiushika, na mara mkungu uko kichwani. Huo si mkungu, hiyo ni pamba. Mama wa kweli kwanza huisogeza miguu akaipanua. Hukunja magoti. Huvuta pumzi. Mikono hukaza, na kwa kitambo kidogo mkungu haujaondoka chini hata kidogo. Kitambo hicho cha kungoja ndicho kinachotuambia ya kuwa mzigo ni mzito. Halafu mkungu huanza kuinuka taratibu, na mwili wa mama hujitupa upande wa pili ili usiangushwe. Akiisha kuuweka kichwani na kuanza kupanda kilima, hatua zake huwa fupi, kiuno chake hucheza, lakini kichwa hakipandi na kushuka kama kichwa cha mtu asiye na mzigo. Na mwenye ndoo ya maji katika mkono wa kulia hulalia kushoto, na mkono wa kushoto hunyoka mbali. Uzito wote, wa mtu na wa mzigo, hapana budi ukae juu ya miguu. Ukitoka nje ya miguu, mtu ataanguka. Mchoraji akilisahau hilo, mtazamaji atahisi kuna kasoro hata kama hawezi kuitaja.

Ndiyo maana nasema watu wa shamba wanayajua mambo haya kuliko wanavyodhani. Miili yetu inayajua. Kazi iliyobaki ni kuyatoa mwilini na kuyaleta katika macho na penseli.

Walakini, wasikilizaji, jicho peke yake laweza kudanganyika. Kwa muda mrefu wachoraji wa Ulaya waliwachora farasi wanaokimbia wakiwa wamenyosha miguu yote minne, miwili mbele na miwili nyuma, kama wanaoelea. Mwaka 1878 huko California, Marekani, mpiga picha aitwaye Eadweard Muybridge alipanga kamera 12 kando ya njia ya farasi, zikapiga picha moja baada ya nyingine farasi alipopita mbio. Picha zikaonyesha ya kuwa ni kweli farasi huiinua miguu yote minne kwa mara moja, lakini huiinua ikiwa imekunjwa chini ya tumbo, si ikiwa imenyoshwa. Mabwana wakubwa wa kuchora walikuwa wamekosea miaka na miaka. Na wale wachoraji wa Disney, walipokuwa wakiitengeneza sinema ya Bambi iliyotoka mwaka 1942, waliletewa watoto wawili wa paa walio hai, ili wawatazame na kuwachora wakikua. Watu hao walikuwa mafundi tayari, lakini hawakuona aibu kurudi kuwa wanafunzi wa mnyama.

Hapa kwetu Afrika ya Mashariki tuna mfano mzuri pia. Mnamo mwaka 1968 Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa kusini mwa Tanzania, alianza kuchora Dar es Salaam kwa rangi za baiskeli juu ya mbao nyembamba. Alifariki mwaka 1972, lakini uchoraji wake umeenea duniani. Mnaijua michoro ya namna hiyo: chui mwenye madoadoa, ndege mwenye shingo ndefu, rangi zinazong'aa, wala hakuna kivuli. Baadaye kiwanda kimoja cha katuni cha Nairobi kilishiriki kutengeneza hadithi za wanyama ziitwazo Tinga Tinga Tales kwa kuifuata michoro hiyo, nazo zilianza kuonyeshwa mwaka 2010. Hebu fikirini taabu ya kazi ile. Mnyama wa Tingatinga ni bapa kama karatasi. Hana kivuli cha kuonyesha unene wake. Tembo na sungura wote ni rangi tu. Basi uzito wa tembo utatoka wapi? Utatoka katika mwendo peke yake: hatua inayochelewa kuanza, inayochelewa kusimama, na masikio yanayoendelea kucheza kidogo baada ya kichwa kutulia. Kwa hiyo mtu asiseme, "Mimi sihitaji kujua mwendo wa kweli, kwa sababu michoro yangu haifanani na vitu vya kweli." Kadiri mchoro unavyokuwa mbali na umbo la kweli, ndivyo mwendo unavyozidi kubeba kazi yote.

Sasa turudi barabarani kwa lori letu.

Isaac Newton wa Uingereza alieleza mwaka 1687 ya kuwa kitu kinachokwenda hutaka kuendelea kwenda, mpaka nguvu nyingine ikizuie. Ninyi mnalijua hilo kila mpandapo basi. Dereva akifunga breki, ninyi nyote mnakwenda mbele. Hakuna aliyewasukuma. Basi limezuiwa, ninyi bado.

Tufanye hesabu ya gari dogo lenye breki nzuri, linalokwenda kilomita 50 kwa saa katika barabara kavu ya tambarare. Kwa mwendo huo, kila sekunde gari linapita karibu mita 14. Dereva akimwona mtoto, mguu wake haufiki kwenye breki papo hapo. Tumpe sekunde moja ya kushtuka na kukanyaga. Katika sekunde hiyo gari limekwisha kwenda mita 14 bila kupunguza hata kidogo. Kisha breki zinashika, na gari linakwenda kiasi cha mita 14 nyingine, katika muda wa sekunde mbili, ndipo lisimame. Jumla ni mita 28. Simama nje ya nyumba yako upige hatua kubwa 28, halafu ugeuke utazame ulikotoka. Hapo ndipo lilipokuwa gari dereva alipomwona mtoto.

Na kama mwendo ni kilomita 100 kwa saa, je, breki zitahitaji nafasi mara mbili? La, zitahitaji mara nne. Mwendo ukizidi mara mbili, nafasi ya breki huzidi mara nne. Barabara ikilowa, tairi hupoteza mshiko, na nafasi ya breki yaweza kuwa karibu mara mbili ya ile ya kavu. Lori lililojaa ndizi au viazi, katika mteremko wetu na katika mvua yetu, huhitaji nafasi kubwa zaidi.

Tuligeuze jambo hilo liwe michoro. Kwa picha 24 kila sekunde, gari lile la kilomita 50 hupita kiasi cha sentimita 58 kutoka picha hata picha. Kwa muda wa picha 24 za kwanza, nafasi zote ni sawa, maana dereva hajakanyaga. Kisha zinafuata picha 48 ambazo nafasi zake zinapungua, kila moja ikipungua kiasi cha sentimita moja na kidogo, mpaka zimekwisha. Jumla ni picha 72. Nasi tulikuwa tumechora mbili.

Kijana aliposikia hesabu hiyo alishika kichwa. Lakini hakukataa. Siku mbili tulikaa juu ya kingo, mbali na barabara, tukayapiga magari picha za sinema kwa simu yake, kisha jioni tukazitazama polepole, moja moja. Tuliona mambo ambayo hakuna kati yetu aliyepata kuyaangalia, ijapokuwa tumekaa kando ya barabara ile miaka yote. Breki zikishika, pua ya gari huinama. Gari likiisha kusimama, mwili wake hurudi nyuma kidogo, kama mtu aliyekaa kitini. Turubai huendelea kupepea. Maji ya mvua huruka mbele ya magurudumu. Kijana akayachora yote hayo. Hakulibadili lori lake. Lilikuwa lile lile, na rangi zile zile. Nafasi tu ndizo zilizobadilika, na safari hii lilitisha.

Kadhalika tuliubadili mwisho. Lori letu jipya lilipita mahali aliposimama mtoto, likasimama mbele sana. Mtoto hakuvuka. Alingoja kando mpaka barabara ikawa tupu.

Tukairudisha picha kwa darasa lile. Safari hii hawakupiga makofi. Walinyamaza lori lilipokuwa likijivuta kusimama, na wengine waliegemea nyuma. Yule msichana akanyosha mkono, akauliza, "Mwalimu, na kama dereva hakuniona?" Swali hilo halikuwamo katika maandishi yangu. Tulilizungumza mpaka kengele ikalia.

Hapa nataka kuondoa shaka moja. Je, nasema ya kuwa katuni isicheze, isifanye mzaha? La hasha. Hadithi zetu za Sungura na Fisi zimejaa mambo yasiyowezekana, nazo ni tamu kwa sababu hiyo hiyo. Frank Thomas na Ollie Johnston, wachoraji wawili wa Disney, walipoandika kitabu mwaka 1981 juu ya kanuni 12 za kazi yao, ya kwanza ilikuwa kubonyeza na kunyosha. Mpira ukigonga chini huchorwa umebonyea kama chapati, kuliko ubonyeavyo mpira wa kweli. Ni kuongeza chumvi, nayo yafaa. Lakini hata hapo kuna sheria: mpira ukibonyea kwenda chini hapana budi utanuke pembeni, ili ujazo wake usipungue. Usipotanuka, utaonekana umenywea. Mwenye kuijua kanuni ndiye anayeweza kuivunja ikawa kichekesho. Asiyeijua, akiivunja, huwa amekosea tu.

Basi mchoraji ajiulize: mtazamaji wangu atajua kwamba huu ni mzaha? Fisi akibaki hewani baada ya kutoka ukingoni mwa jabali, kila mtoto anacheka, maana anajua. Lori likisimama papo hapo, mtoto wa miaka minane hajui. Yeye anaamini.

Jambo la mwisho ni juu ya mashine. Vijana wengi mna programu za simu na kompyuta ambazo ukizipa mchoro wa kwanza na wa mwisho, zenyewe hujaza ile ya katikati. Ni msaada mkubwa, nami sizibezi. Lakini programu haijui kama ulichochora ni parachichi au ni pamba. Usipoiambia, mara nyingi itagawa nafasi sawa kwa sawa, nawe umekwisha kuona katika daftari lako nini hutokea. Kujua ni kwako.

Kwa hiyo, kazi ya wiki hii ni hizi. Moja: mfanye ule mchezo wa parachichi katika daftari, kwa namna zote mbili, mwaonyeshe watoto bila kuwaambia ipi ni ipi, mwaulize ipi inaanguka kweli. Mbili: mtazameni mtu mmoja akinyanyua mzigo mzito, mwandike mambo manne ambayo mwili wake unayafanya kabla mzigo haujaondoka chini. Tatu: mkiwa mbali na barabara, katika uwanja wa shule au njia ya shamba, mpime hatua 28, mtoto mmoja asimame huku na mwingine kule. Kisha muulizane katika kikundi:

Ni wapi watoto wetu huivuka barabara? Je, kutoka hapo gari huonekana kwa hatua ngapi? Je, mvua ikinyesha hatua hizo zatosha?

Wazazi, maswali hayo msiyaache kwa wachoraji peke yao.

Wiki ijayo, tukijaliwa, tutaendelea na somo la maji na namna yanavyoyabeba mashamba yetu ya mteremkoni.